Kukumbushwa na Kuonyeshwa: Historia Fupi ya Maneno ya Makumbusho ya Mkoani

Miongoni mwa maneno ambayo watumishi wa serikali, walimu na wafasiri huyaandika mara kwa mara bila ya kuyapima ni makumbusho, maonyesho na tamasha. Barua ikitoka ofisini kuwaalika wananchi kwenye makumbusho ya mkoa wao, aghalabu mwandishi huchukua lolote kati ya hayo lililo karibu na kalamu yake, kana kwamba yote ni ndugu wa tumbo moja. Siku moja tuliletewa karatasi ya namna hiyo tuisahihishe. Katika ukurasa mmoja shughuli ile ile iliitwa maonyesho juu, tamasha katikati na sherehe chini. Na wazee wa mahali penyewe, ambao ndio waliotazamiwa kuja kupiga ngoma, waliandikwa katika orodha ya wageni watazamaji. Hapo tulitambua kwamba jambo lenyewe lilihitaji zaidi ya kalamu nyekundu.

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi maneno hayo yalivyopata maana zilizo nazo, na kupima maana hizo kwa mfano wa mahali pamoja, yaani makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, mkoani Mwanza. Tunadhani kwamba tofauti baina ya maneno haya si pambo la lugha tu. Ni tofauti inayoamua nani ahesabiwe mwenyeji, na nani ahesabiwe mgeni, mbele ya kazi za sanaa za nchi yake.

Vitenzi viwili

Tuanze na sarufi, maana ndiko kwenye mzizi wa jambo. Kutokana na kumbuka tumepata kumbusha, kama vile kutokana na amka tulivyopata amsha, na kutokana na waka tukapata washa. Kumbusha ikivikwa kiambishi ma- mwanzoni na -o mwishoni hutupa makumbusho, kwa kanuni ile ile iliyotupa mafundisho, matangazo na mazungumzo. Majina ya jamii hii kwanza hutaja kitendo. Baadaye hutaja vitu vya kutendea. Na mwisho kabisa huweza kutaja mahali. Kwa hiyo, kwa maana yake ya awali, makumbusho si nyumba. Ni tendo la kukumbusha. Nyumba ni nyumba ya makumbusho, au jumba la makumbusho, na ni kwa kufupisha tu kwamba leo tunasema tunakwenda makumbusho, kama mtu asemavyo anakwenda mafundisho.

Maonyesho yamejengwa kwa namna hiyo hiyo kutokana na onyesha. Wapo wanaoshikilia onesha na maonesho, kwa hoja kwamba mzizi ni ona na wala si onya. Hoja yao ina nguvu, na siku hizi maandishi mengi ya ofisi nchini Tanzania hufuata tahajia hiyo. Sisi katika makala haya tumeshika maonyesho kwa kuwa ndiyo sura iliyozoeleka katika vitabu vya miaka mingi, na kwa kuwa mjadala wa tahajia haugusi hoja yetu ya leo.

Hoja yetu ni hii. Vitenzi hivi viwili vinafanana kwa kuwa kila kimoja kinahitaji watatu: mtendaji, mtendewa na kitu kilicho baina yao. Lakini havifanani katika kile vinachokichukulia juu ya mtendewa. Mtu humkumbusha mwenzake deni. Hawezi kumkumbusha deni ambalo huyo mwenzake hajapata kulijua. Anayekumbushwa ni lazima awe alijua, ingawa amesahau. Anayeonyeshwa, kwa upande wake, huchukuliwa kuwa hajaona. Mgeni huonyeshwa njia ya kisimani. Mwenyeji wa kijiji haonyeshwi njia hiyo, bali hukumbushwa zamu yake ya kuchota maji. Basi kitu kimoja kikiwekwa juu ya meza kwaweza kuwa kumbusho kwa huyu na onyesho kwa yule, na anayeandika kibao cha maelezo hana budi kujua anaandika kwa ajili ya nani.

Kumbukumbu za wakubwa

Historia ya makumbusho katika nchi yetu ina jambo moja la ajabu kidogo. Nyumba mbili za mwanzo zilijengwa kwanza kuwa kumbukumbu, kisha ndipo zikawa mahali pa kuhifadhi vitu. Huko Unguja, mwaka 1925, lilifunguliwa jengo lenye kuba nyeupe lililosanifiwa na J. H. Sinclair, ambalo lilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo likaitwa Beit el Amani, maana yake nyumba ya amani. Huko Dar es Salaam, mwaka 1940, wananchi walifunguliwa milango ya jengo lililopewa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1936.

Neno makumbusho lilizifaa nyumba hizo kwa maana zote mbili, yaani maana ya ukumbusho na maana ya hazina ya vitu. Lakini tulipime kwa kanuni tuliyoitaja. Mkulima wa Uzaramo aliyeingia katika nyumba ile ya Dar es Salaam alikuwa hajapata kumjua mfalme huyo, wala hakuwa na habari zake za kusahau. Jina la nyumba lilimtaka akumbuke mtu ambaye kwake alikuwa mgeni. Kumbe vinyago, vyungu na ngoma, ambavyo ndivyo alivyovijua tangu utotoni, aliwekewa mbele yake kana kwamba anaviona kwa mara ya kwanza. Asichokijua alikumbushwa, alichokijua alionyeshwa. Hatusemi kwamba waliojenga walikusudia hivyo. Tunasema tu kwamba mpango wa nyumba ulikuwa umepindua maana ya neno, na kwamba neno lilivumilia.

Baada ya uhuru mpango huo ulianza kugeuzwa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1963 jengo jipya liliongezwa kwenye nyumba ile ya Dar es Salaam, na jina la mfalme likaondoka, ikawa Makumbusho ya Taifa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 kilianzishwa Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, ambako nyumba za makabila mbalimbali zilijengwa kwa ukubwa wake halisi, na ngoma zikachezwa uwanjani. Na mwaka 1967, kwa Sheria Na. 27, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Twataja matukio haya pamoja kwa sababu kazi ilikuwa moja: kutafuta nini kikumbukwe, na kwa maneno gani.

Bujora

Kisesa iko kiasi cha kilomita 20 mashariki ya mji wa Mwanza, kwa barabara iendayo Musoma. Hapo, juu ya kilima chenye mawe makubwa kama vilivyo vilima vingi vya Usukuma, ndipo palipo Bujora. Katika miaka ya 1950 padre mmoja Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianza pamoja na wazee wa mahali hapo kukusanya habari, nyimbo na vitu vya kale vya Usukuma. Makumbusho yenyewe huhesabiwa kuwa yalianza mwaka 1968. Padre Clement alifariki mwaka 1986, na kazi iliendelea baada yake.

Yafaa tuutazame kwa makini mwaka uliotangulia haya, yaani 1963. Katika mwaka huo utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchini Tanganyika. Watemi wa Usukuma waliacha kuwa watawala, na papo hapo vitu vyao vya utawala vikapoteza kazi. Ngoma ya mtemi haikuwa ala ya muziki tu. Ilikuwa alama ya utawala, na haikupigwa wala kuguswa na kila mtu. Kiti chake kadhalika. Utawala ulipoondoka, vitu hivi vilibaki kama shahada za shule iliyofungwa: si vya kutupa, wala si vya kutumia. Kwa hiyo Bujora haikuwa inakusanya mambo ya zama za mbali. Ilikuwa inapokea vitu ambavyo miaka michache tu iliyopita vilikuwa kazini, na ambavyo wenyewe walikuwa hai.

Mpango wa majengo yake ulifuata jambo hilo. Banda la ngoma za watemi lilijengwa kwa umbo la kiti cha enzi, hata anayelitazama kwa nje huwa amekwisha kuambiwa kilichomo ndani. Yapo makao ya Kisukuma, nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga, na banda la vyama vya ngoma. Kanisa lenyewe limejengwa kwa mfano wa msonge. Hapa kazi ya sanaa haikutengwa na nyumba iliyoizaa. Hata jengo ni sehemu ya maelezo.

Mwamuzi ni umati

Lakini Bujora isingetosha kuwa mfano wetu kama ingekuwa na mabanda tu. Kila mwaka, karibu na Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, ambayo aghalabu huangukia mwezi Juni, imekuwapo desturi ya kukusanya vikundi vya ngoma katika sikukuu iitwayo Bulabo, neno la Kisukuma lenye maana ya maua. Hapo hukutana vyama viwili vikuu vya ngoma vya Usukuma, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba vyama hivyo vilitokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kujua dawa ya nani ni kali zaidi. Wapo wanaocheza na majoka, wapo wanaocheza Bugobogobo kwa majembe, ngoma ambayo asili yake ni kazi ya kulima kwa pamoja.

Jambo la kutazama ni namna ushindi unavyopatikana katika mashindano ya jadi ya vyama hivi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna meza ya waamuzi wala karatasi ya alama. Watu wenyewe huenda upande unaowavutia, hurudi, huenda tena. Na mwishoni mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana kila kikundi hutafuta jambo jipya la kushangaza: vazi, joka, kinyago, wimbo wa kumkejeli mpinzani.

Sasa mfasiri aulizwe: mtu anayesimama katika uwanja ule aitwe nani? Akimwita mtazamaji, amemnyang'anya kazi yake, kwa kuwa miguu yake ndiyo inayohukumu. Akimwita mgeni, amekosea zaidi. Mtu huyo huenda ni wa chama cha Bagika kwa baba yake na babu yake, na anazijua nyimbo zinazoimbwa. Na shughuli yenyewe iitweje? Maonyesho ni neno lisilotosha, kwa kuwa hakuna aliyeketi kuonyeshwa. Katika masikio ya Watanzania walio wengi, tena, maonyesho ni Sabasaba na Nane Nane, yaani mahali ambapo mwenye bidhaa husimama nyuma ya meza na mnunuzi hupita mbele yake. Picha hiyo ikiletwa Bujora hugawa uwanja mara mbili, na wenye ngoma hujikuta upande wa bidhaa.

Kisukuma chenyewe kinatupa funzo. Kiswahili hutumia neno moja, ngoma, kwa ile ala ya mti na ngozi, kwa uchezaji, na kwa shughuli nzima. Katika Kisukuma ng'oma ni ala. Uchezaji una jina lake, mbina. Kibao kilichoandikwa "ngoma ya jadi" na kuwekwa mbele ya ala ya mtemi kinaeleza kidogo sana, na kwa msomaji wa Kisukuma huchanganya mambo mawili ambayo lugha yake imeyatenga tangu zamani. Hapa si Kiswahili kilichopungukiwa. Aliyepungukiwa ni mwandishi wa kibao, ambaye hakuuliza.

Kazi ya tukio

Twaweza sasa kurudi kwenye vitenzi vyetu viwili. Mzee aliyekuwa kijana mwaka 1963, akiingia katika banda la ngoma za watemi, hukumbushwa. Alizisikia zikilia, ama alisimuliwa na waliozisikia. Mjukuu wake hayuko katika hali hiyo. Hajapata kumwona mtemi akiwa mtawala. Ngoma ile kwake ni gogo lililotobolewa na kuvikwa ngozi, nalo liko kimya. Kwa kanuni tuliyoiweka, mjukuu huonyeshwa tu, sawasawa na mtalii aliyeshuka kwenye ndege jana. Ingawa ni Msukuma, katika banda lile yu mgeni.

Ni kitu gani basi kitamfanya awe mwenyeji? Kibao peke yake hakiwezi. Mwaka mmoja, katika Bulabo, anasimama uwanjani na kusikia ngoma zikipigwa. Anasikia jina la chama cha babu yake likitajwa katika wimbo. Anakimbilia upande mmoja na kuuacha mwingine. Akirudi bandani siku ya pili, kile kitu kilicho kimya kimepata sauti kichwani mwake. Sasa kinamkumbusha jambo, kwa sababu ameshalijua. Kwa maneno mengine, tukio la jumuiya ndilo linaloligeuza onyesho kuwa kumbusho. Ndiyo sababu tunasema kwamba katika makumbusho ya mkoani ngoma ya uwanjani haikuwekwa ili kuwachangamsha watu baada ya kutembezwa mabandani. Bila ya ngoma hiyo, jina la makumbusho halistahiki. Yafaa tuseme nyumba ya maonyesho, tunyamaze.

Ushahidi wa jambo hili hauko Usukuma peke yake. Mwaka 1956 Hans Cory alichapisha kitabu juu ya sanamu za udongo zilizotumiwa katika mafunzo ya unyago na jando huko Tanganyika. Sanamu hizo zilikwenda pamoja na nyimbo, na mafunzo yalikuwa katika wimbo kama yalivyokuwa katika udongo. Anayeiona sanamu bila ya wimbo huona umbo. Aliyefundwa huona onyo, mzaha na siri. Wala si kila kitu cha namna hiyo chapasa kuonyeshwa kwa kila mtu, kwa kuwa kilichofanywa kukumbusha waliofundwa hakikufanywa kuonyeshwa wasiofundwa. Hapo mhifadhi huhitaji ruhusa ya wenyewe, si ufundi wa taa na kioo tu.

Tamasha, sherehe na kumbukizi

Yabaki maneno matatu ya matukio yenyewe. Tamasha lilitufikia kwa njia za Bahari ya Hindi. Katika Kiajemi na Kihindi hutaja jambo la kutazamwa kwa furaha, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo. Katika nchi yetu lilipata nguvu mpya katika sanaa baada ya Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kuanzishwa mwaka 1981 na tamasha lake la kila mwaka kuanza mwaka 1982. Ni neno zuri kwa mkutano wa sanaa nyingi kutoka mahali pengi. Halidai kwamba aliyekuja awe anajua chochote kabla, na ndiyo heri yake.

Sherehe lina historia ambayo wasomaji wa mashairi wataikumbuka. Mwishoni mwa diwani, yale maelezo ya maneno magumu huitwa sherehe, yaani ufafanuzi. Kwamba neno moja latumika kwa karamu na kwa ufafanuzi ni bahati ambayo makumbusho yanaweza kuitumia: sherehe njema uwanjani hufafanua kilicho bandani, kama sherehe ya diwani ifafanuavyo ubeti.

Kumbukizi ni neno lenye uzito zaidi. Huko Songea, mkoani Ruvuma, Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mwaka 1980, mahali panapohusika na mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Tarehe hiyo wananchi hukusanyika kwa kumbukizi ya mashujaa hao. Ngoma zaweza kuchezwa, na watu wanaweza hata kucheka. Lakini mwenye msiba wa babu yake hakuja kutazama. Anayeliita kusanyiko hilo tamasha, bila ya kuongeza neno jingine, amelipunguza. Mkutano wa Bagamoyo ukiitwa kumbukizi, nao umetwishwa mzigo usio wake.

Hoja za upande wa pili

Tunajua kwamba yapo mashaka matatu juu ya maoni yetu. La kwanza ni la wahifadhi, ambao husema kazi ya makumbusho ni kutunza, na kwamba ngoma kuukuu ikipigwa itapasuka. Wasema kweli. Hatudai kwamba ngoma ya mtemi itolewe bandani ikapigwe. Twadai kwamba fundi aliye hai achonge nyingine, na aipigaye ajue jina la ile iliyo bandani. Kutunza mti na kuacha kutunza mlio ni kutunza nusu.

La pili ni kwamba matukio ya jumuiya nayo huweza kuharibika yakawa maonyesho matupu. Kikundi kikicheza kila mara basi la watalii linapofika, kwa dakika zilizopangwa, bila ya mpinzani na bila ya umati wa kuamua, kilichobaki ni miondoko. Hili pia ni kweli, na hatulaumu kikundi kitafutacho riziki. Tunaomba tu liandikwe kwa jina lake: hilo ni onyesho la ngoma. Lisiitwe Bulabo.

La tatu ni shaka la kisiasa, kwamba kukumbusha mambo ya mkoa mmoja ni kuchochea ukabila. Jibu tunalipata katika lugha yenyewe. Makao ya rais wa Tanzania huitwa Ikulu, na neno hilo limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ambao kwao lilikuwa makao ya mtemi. Taifa halikuogopa kulichukua, na leo hakuna anayelisikia kama neno la kabila. Lililokuwa la mkoa liliwafikia watu wote, kwanza kama jambo geni, kisha kama jambo lao. Hata mtemi mwenyewe ameingia katika Kiswahili kwa njia hiyo.

Mapendekezo

Kwa hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo machache kwa wale ambao kalamu zao hupitisha maneno haya.

Neno makumbusho libaki kuwa jina la taasisi, na jumba la makumbusho liwe jina la jengo. Onyesho, kwa umoja, litumike kwa vitu vilivyopangwa pamoja kwa shabaha moja: onyesho la kudumu kwa yale yasiyoondolewa, onyesho la muda kwa yale yenye tarehe ya mwisho. Maonyesho yaachiwe biashara na kilimo, ama mkusanyiko wa maonyesho mengi mahali pamoja. Tamasha liwe mkutano wa sanaa mbalimbali. Kumbukizi liwe kusanyiko la kukumbuka watu au tukio. Na pale ambapo wenyeji wana jina lao, kama Bulabo, jina hilo litangulie, na maelezo ya Kiswahili yafuate.

Vitu vyote vinavyotunzwa viitwe mkusanyo, ili mkusanyiko ubaki kuwa wa watu. Kibao cha maelezo kianze kwa jina la kitu katika lugha ya waliokitengeneza, kisha Kiswahili kieleze kazi yake, nani aliruhusiwa kukigusa, na siku gani kilitumika. Maneno kama "kifaa cha jadi" au "kifaa cha ibada" yasikubaliwe peke yake, kwa kuwa hayamkumbushi mwenyeji wala hayamwonyeshi mgeni.

Na jambo dogo la mwisho ni lile daftari la mlangoni. Katika makumbusho mengi huitwa kitabu cha wageni, na kila aingiaye hutia jina lake humo. Mzee wa Kisesa, ambaye ngoma ya ukoo wake iko ndani, akitakiwa kujiandika katika kitabu cha wageni, huwa amekwisha kuambiwa mlangoni kwamba kilichomo si chake. Daftari hilo liitwe daftari la mahudhurio. Gharama yake ni wino wa maneno mawili.

Walimu wana sehemu yao pia. Mwanafunzi apelekwaye makumbusho ya mkoa wake siku ambayo hakuna linalofanyika, akatembezwa kwa saa moja na kurudishwa shuleni, ameonyeshwa. Apelekwe tena siku ya ngoma. Na mwanafunzi aliyetoka mkoa mwingine apelekwe pamoja naye. Mtoto wa pwani aliyesimama mara moja katika uwanja wa Bujora na kuchagua upande, siku atakapoiona ngoma ya mtemi bandani, hataonyeshwa tena. Atakumbushwa, na hapo itakuwa yake pia.